Aliyegonga Paa

Sura ya Saba

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na kulipokucha ua wa kituo cha polisi ulikuwa tope tupu. Upepo haukuwapo. Maji yalikuwa yamejikusanya juu ya turubai lililofunika gari la mbio, na turubai lenyewe limebonyea katikati kama tumbo la mlafi.

Inspekta alikuwa akilitazama turubai hilo kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi, Mkuu wa Kituo alipoingia bila kubisha.

"Bado uko na jalada hilo?"

"Bado, afande."

"Saa nane mchana kamati ya nidhamu ya chama cha mbio za magari inakaa. Wanamfutia dereva Sindano leseni yake maisha. Jioni mimi napeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Dereva amekiri kwa kinywa chake. Aliondoka kabla ya kupewa ishara, gurudumu likachomoka, msoma ramani wake akafa. Unatafuta nini tena, mama?"

"Fundi hajakiri."

"Fundi ni mwongo."

"Huenda. Lakini mwongo husema uongo unaomfaa, afande. Huu wake haumfai. Dereva anasema hakuna aliyegonga paa kumpa ishara. Kama fundi angekubaliana naye, angekuwa nyumbani kwake sasa hivi anakunywa uji. Yeye anashikilia kwamba paa liligongwa, na aliyekuwa kwenye gari ni yeye peke yake. Anajifungia mlango mwenyewe, kisha anatupa ufunguo."

Mkuu alikuna kidevu. "Una mpaka saa nane," akasema, akatoka.

Dereva huyo nchi nzima ilimwita Sindano, kwa kuwa alipitisha gari mahali ambapo wenzake hawangethubutu kupitisha uzi. Alianza kama utingo wa lori la kokoto. Usukani aliujua kwa kuushika wakati dereva wake amelala, na mbio zake za kwanza alizishinda kwa gari la kuazima ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya. Baada ya hapo akawa bingwa mara tatu. Jumapili ya ajali, watu wa timu moja kubwa ya ng'ambo walikuwa wamekuja kumtazama, na neno lilishapita kwamba angeondoka nao pamoja na msoma ramani wake. Msoma ramani huyo alikuwa shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na mkewe. Jumamosi iliyofuata ndiyo walimzika.

*

Fundi alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, viatu vyake havina kamba. Alikuwa mtu mnene wa mabega, na kwa siku chache tu mabega hayo yalikuwa yamelegea kama shati lililoning'inizwa msumarini.

"Umekula?" Inspekta aliuliza.

"Chakula cha huku kinapita mlangoni, afande. Kooni hakipiti."

"Simama unieleze tena."

"Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu."

"Leo sitaki maneno. Nionyeshe kwa mikono. Chukulia hii ndoo ndiyo gurudumu la mbele kushoto."

Fundi aliitazama ndoo, akamtazama yeye, kisha akapiga magoti taratibu. Mikono yake ilipokaribia ndoo ilibadilika, ikawa mikono ya mtu anayejua anachofanya.

"Gari limeingia kwenye kituo chetu cha matengenezo. Nimetoa gurudumu, nimeweka jipya. Nati nimezifunga kwa mkono, zimekaa. Nimeteremsha jeki. Nati hazikazwi hadi mwisho gari likiwa hewani, linateremshwa kwanza likanyage chini. Sasa nataka spana ya kupimia mkazo. Iko nyuma yangu, kwenye mkeka. Nageuka hivi." Akageuka. "Nanyoosha mkono. Ndipo nasikia juu ya paa: du, du. Na gari hilo."

"Wenzako walikuwa wapi?"

"Nyuma, wanapakia vyombo kwenye lori. Wote wamekwambia hawakugonga, na mimi nawaamini. Hakuna fundi wetu anayeweza kugonga kabla mwenzake hajamaliza. Bora aibe."

Inspekta alijua desturi hiyo, lakini alitaka kuisikia tena. "Kwa nini kugonga? Kwa nini msipige kelele tu?"

"Dereva amevaa helmeti, afande. Injini inanguruma. Hata ukimwita kwa jina la mama yake hasikii. Macho yake yako mbele barabarani, hayatazami pembeni. Kwa hiyo anayemaliza wa mwisho anazunguka upande wa dereva, anagonga paa juu ya kichwa chake mara mbili. Likigongwa mara mbili, anaondoka. Lisipogongwa, haondoki hata nyumba ikiungua. Kila timu ina ishara yake, hii ndiyo yetu."

"Wewe unagonga kwa kitu gani?"

"Mpini wa bisibisi. Mikono yangu haikosi grisi, na Sindano hataki kuona alama za vidole kwenye gari lake. Ana maringo kama bibi harusi. Mpini unalia ta, ta. Mlio mkavu."

"Sasa hivi umesema du, du."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Akajigonga goti kwa mpini wa kufikirika, kisha akalipiga kwa kiganja. Akarudia.

"Nimesema hivyo," alisema polepole. "Ndivyo ulivyolia. Mzito, kama mtu anapigapiga ng'ombe ubavuni. Sikuufikiria, afande. Ulikuwa mara mbili, na gari liliondoka."

"Ulimwona mtu upande wa pili?"

"Niliona vumbi. Nilikimbia nikipunga mikono kama kichaa. Tuliwaita kwenye redio, lakini bondeni mle redio inakoroma tu."

Inspekta aliinama, akarudisha ndoo pembeni.

"Jioni ya kuamkia mbio ulimwambia Sindano, 'Utanikumbuka.' Watu watatu walisikia."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Timu ya ng'ambo ilimtaka yeye na shemeji yake. Mafundi wanao wao. Tangu gari lake la kwanza lile la waya nimekaza nati zake mimi, halafu naachwa kama ganda la ndizi. Niliona uchungu. Nilimaanisha atanikumbuka siku wageni watakapomkazia gurudumu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na tazama. Wageni hata hawajafika, na kijana wa watu yuko kaburini."

*

Koplo alikuwa akimngojea uani na mwavuli mmoja, mwembamba, uliovunjika ubavu.

"Afande, mimi mtu wangu nimempata," alisema. "Fundi wa yule hasimu wao, wanayemwita Chui. Alionekana karibu na kamba iliyozungushwa kituo cha akina Sindano. Mfupi, macho yanacheza. Mtu mwenye macho kama yale hawezi kukosa kesi."

"Ukiwakamata watu kwa macho, Koplo, utaanza na mkeo. Shika pembe hiyo ya turubai. Maji yamwagikie upande wa pili."

Wakalifunua. Gari lilikuwa limekunjika ubavu wa kushoto mpaka mlango wa msoma ramani ulikuwa umegusana na kiti chake. Lilikuwa limejigonga kwenye ukingo wa mawe baada ya gurudumu kutoka, lakini halikubingirika. Paa lilikuwa zima, limefunikwa vumbi jekundu la ile njia.

Inspekta alizunguka upande wa dereva. Juu ya mlango, nyuma kidogo, palikuwa na vishimo vingi vya rangi iliyobonyea, vimekusanyika mahali pamoja kama alama za ndui. Hapo ndipo bisibisi ya fundi ilipozoea kugonga. Mbele ya vishimo hivyo, pembeni kabisa mwa paa, vumbi lilikuwa limeganda zaidi kuliko kwingine. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa bati.

"Koplo, njoo. Usiguse. Unaona nini?"

"Uchafu, afande."

"Una umbo gani?"

Koplo alipindisha shingo. "Kiganja," akasema, na utani ukamtoka sautini.

Kilikuwa kiganja kidogo, vidole vimeelekea katikati ya paa. Kingo zake zilikuwa mbilimbili, kama picha ya mtu aliyetikisika. Inspekta alichukua ncha ya leso, akagusa ukingoni tu, akasugua kwa vidole.

"Mafuta," alisema. "Vumbi lilishika hapa kwa sababu palikuwa na mafuta kabla gari halijaondoka. Nusa."

"Si ya gari. Grisi naijua."

"Si ya gari. Sasa fikiria. Mkono ulilala hapa, ukanyanyuka, ukashuka tena mahali palepale. Mara mbili. Mwenye mkono huu alisimama mlangoni kwa dereva. Ni mfupi, maana kisigino cha kiganja kiko ukingoni kabisa, hakikufika mbele zaidi. Hakuvaa glavu. Na hakuwa anajificha."

"Unajuaje kwamba hakujificha?"

"Mtu anayetaka kuua hapaki mkono mafuta kisha akaugandamiza kwenye ushahidi. Piga picha, pima, halafu ufunike vizuri."

Walipokuwa wakifunika, mwavuli mwingine uliingia langoni, mkubwa na mpya. Chini yake alikuwa Katibu wa chama cha mbio za magari, mzee nadhifu wa koti la bluu, akirukaruka madimbwi kama jogoo.

"Mmeniita, nimekuja," alisema. "Lakini nina haraka. Saa saba lazima niwe hospitali nichukue leseni ya yule kijana. Ndio utaratibu, na utaratibu huo unaniumiza kama jino."

"Fundi wa Chui alikuwa wapi gari la Sindano lilipoondoka?"

"Alikuwa mbele yangu akitukanana na mkaguzi. Nilimshika mkono mimi mwenyewe kumtuliza. Mwondoeni huyo."

Koplo alitazama viatu vyake.

"Ndani ya kamba ya Sindano walikuwemo akina nani, ukiacha mafundi?"

"Siku ile? Kila mwenye miguu. Wageni wa ng'ambo, wapiga picha, ndugu na jamaa. Mlinzi wa kamba aliruhusu watu kwa kuoneana haya. Tumeshamkaripia."

"Jambo la mwisho, Katibu. Umemjua Sindano kwa muda gani?"

"Tangu gari la waya."

"Ni mtu wa kuondoka bila kugongewa?"

Katibu aliteremsha mwavuli kidogo, akasahau kuwa mvua inamnyeshea bega.

"Nikueleze kitu. Msimu wake wa nne, alikuwa anaongoza, kikombe kiko kwapani. Kwenye kituo cha mwisho fundi wake alibanwa na msuli, akaanguka chini analia. Gari lilikuwa tayari, magurudumu yote yamekazwa, na kila mtu alimwonyesha kwa mikono aende. Hakwenda. Alikaa ametazama mbele mpaka mtu alipokumbuka kugonga paa. Alishindwa kikombe kile kwa sekunde unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Nilipomuuliza akaniambia, 'Baba, mimi naendesha kwa imani. Siku nikianza kuhakikisha mwenyewe, nitakuwa nimeacha kuendesha.'"

"Na mtu huyo leo anasema aliondoka bila ishara."

"Ndivyo alivyotia sahihi."

"Na wewe umemwamini?"

Katibu aligeukia turubai. Maji yalimchuruzika kwenye koti.

*

Chumba cha hospitali kilikuwa na kitanda kimoja, viti viwili, na dirisha lililotazama ukuta. Askari alikuwa ameketi mlangoni. Sindano alikuwa amelala, bega limefungwa, mguu umening'inizwa kwa kamba, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa mwembamba kuliko picha zake. Mkewe aliketi upande wa dirisha, kitambaa cheusi kichwani, akikunja nguo safi za mgonjwa. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Mama yake dereva ndiye aliyeinuka. Alikuwa mwanamke mdogo wa kimo, amekauka kama ukuni, mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayemtafutia huyu haki?"

"Natafuta kilichotokea, mama."

"Ni hicho hicho. Mungu hana haki nyingine pembeni." Akatoa kichupa kutoka kifuani, akamimina matone ya mafuta ya mzeituni kiganjani. "Inama kidogo. Sikulazimishi, lakini mtu anayeingia kwenye kazi kama hii asiingie mtupu."

Inspekta alikuwa mrefu, ilimbidi apinde magoti. Kiganja chenye joto kililala juu ya kichwa chake. Mama aliomba kwa sauti ya chini, bila kukimbiza maneno. Aliomba hekima, akaomba macho yanayoona na kinywa kisichodhulumu. Kisha akamalizia.

"Amina," akasema, na kiganja kikanyanyuka kikampiga kichwani. "Amina." Kikampiga tena.

Du, du.

Inspekta alibaki amepinda magoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliponyoosha mgongo, hakumtazama mama. Alimtazama Sindano. Sindano alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Mama," Inspekta alisema, "naomba mnipishe kidogo. Wewe na mkwe wako. Nina maswali ya kazi."

"Tutatafuta maji ya moto," mama alisema. "Twende, mwanangu." Mkewe Sindano aliweka nguo chini, akamfuata bila neno.

Mlango ulipofungwa, Inspekta alivuta kiti.

"Unajua nimeona nini juu ya paa la gari lako?"

"Hapana."

"Kiganja kidogo. Cha mafuta ya mzeituni."

Sindano alifumba macho.

"Afande, nakuomba. Nakuomba kwa kila unachokiamini. Acha."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kujua tena kuwa mimi ni nani, hapa kitandani. Alikuja akaniombea. Akanigonga kichwani. Miaka yote aliniombea nyumbani. Hakuwahi kukanyaga kwenye mbio, alisema moyo wake hauwezi. Jumapili ile nilimsihi aje. Nilimwambia, 'Mama, wageni wanakuja kunitazama, njoo nawe unione mara moja kabla sijaondoka.' Mimi ndiye niliyemwambia mlinzi wa kamba ampitishe. Mimi. Sasa niambie kosa ni la nani."

"Sikuja kugawa kosa. Ulisikia ishara, ukaondoka. Hilo ndilo lililotokea."

"Nilisema sikusikia."

"Ndiyo. Na fundi anasema ilisikika. Mmoja wenu ni mwongo, na Mkuu wangu ameshachagua. Kila unapojitia kosani, unamfunga yeye kamba nyingine. Ana kauli ya 'Utanikumbuka' shingoni mwake. Yeye mwenyewe anasema paa liligongwa, na hakuna mwingine anayejulikana; mbele ya hakimu atakuwa mtu aliyegonga paa kwa makusudi, nati zikiwa zimelegea."

"Nimesema kosa ni langu."

"Maneno yako hayamfungulii. Ukweli ndio unaomfungulia."

Sindano alijaribu kukaa, pingu ikamvuta, akaanguka tena kwenye mto wa kitanda.

"Mke wangu amemzika ndugu yake juzi. Yeye na mama wanalala nyumba moja, wanapika chungu kimoja. Ukisema neno hili, nimebakiwa na nini? Chukueni leseni. Nifungeni. Mimi kuendesha nimeshaendesha. Lakini yule mama akijua kwamba mkono aliokuwa anauinua kwa Mungu ndio uliomuua kijana aliyekuwa anamwita mwanangu, hatamaliza mwezi. Umemwona alivyo."

Inspekta alitazama saa ya ukutani, kisha mlango. "Naweza kukuacha wewe uanze," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi."

"Sianzi."

Mlango ulifunguliwa. Mama aliingia na chupa ya maji ya moto, mkwewe nyuma yake, na nyuma yao Katibu, koti limelowa bega moja, amebeba bahasha kubwa kana kwamba ina uzito.

"Samahanini," Katibu alisema. "Saa zimekwenda. Nimekuja kwa ile leseni."

"Iko mfukoni mwa jaketi langu," Sindano alisema haraka. "Mke wangu, mpe. Mpe aende."

"Subiri," Inspekta alisema. Alimpisha mama kiti chake, naye akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane. "Mama, nina swali moja. Siku ya mbio, uliliombea gari?"

"Mama, usijibu," Sindano alisema.

"Kwa nini nisijibu? Nimeiba?" Mama alimgeukia Inspekta. "Nililiombea, mwanangu. Ningefika pale nikose kuliombea? Walikuwa wamekaa humo wawili, wamevaa vile vyungu vyao kichwani, gari linatetemeka kama lina baridi. Nikapaka mafuta, nikaweka mkono juu ya paa. Nikasema, Bwana, hawa ni wanangu wawili, uwaongoze njia yao, uwarudishe. Nikamalizia." Kiganja chake kilipanda na kushuka hewani, mara mbili. "Amina, amina. Na hapo hapo likaondoka. Nikasema moyoni, Mungu amesikia, amewatuma."

Mkewe Sindano alikuwa ameshika jaketi, mkono mmoja umo ndani ya mfuko. Alikuwa amekulia kwenye magari hayo, alimpelekea ndugu yake chakula kwenye vituo tangu wakiwa na gari moja la timu. Mkono wake haukutoka mfukoni. Rangi ilimtoka midomoni.

"Mbona mmenyamaza?" mama aliuliza.

"Mama, tupumzike," Sindano alisema. "Tafadhali. Katibu, chukua leseni uende."

"Uligonga mara mbili," mkewe alisema.

"Nilisema amina, mwanangu."

"Uligonga juu ya paa. Upande wake. Mara mbili."

"Ndiyo. Kama ninavyofanya siku zote. Kuna nini?"

Mkewe Sindano alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, na kila aliyekuwamo chumbani aliona jinsi alivyokuwa akielewa mambo mawili kwa pamoja, la mkono na la ule uongo.

"Mwambie," akamwambia. "Wewe ndiye mwanawe. Asiambiwe na askari."

Sindano alilia kwanza, kisha akasema. Alisema vibaya, kwa maneno yaliyokatikakatika: helmeti, injini, fundi upande wa pili, nati ambazo hazijakazwa. Alisema ishara yao ni kugonga paa mara mbili. Alisema yeye ndiye aliyemwita aje, na hakumwambia.

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anasikiliza hesabu ngumu darasani. Mwanawe alipomaliza, aliutazama mkono wake wa kulia, akaufunika kwa mkono wa kushoto.

"Kwa hiyo ulisema uongo," alisema mwishowe.

"Nilitaka usijue."

"Nilikuzaa uendeshe, au nilikuzaa unifiche?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu. "Na yule fundi? Yule anayekula kwangu?"

"Yuko mahabusu, mama," Inspekta alijibu.

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya kusema kweli."

Mama alimgeukia Katibu. "Hao wazee wako wanakaa saa ngapi?"

"Saa nane, mama." Katibu alikuwa ameiweka bahasha juu ya meza ndogo, na hakuigusa tena. "Nikwambie kwa haki, dereva aliyeondoka kwa ishara hana kosa la uzembe. Lakini kamati haitachukua neno langu. Wanataka shahidi asimame mbele yao aseme."

"Nitasimama."

"Sitaki," Sindano alisema. "Mama, sitaki. Kutakuwa na waandishi wa habari. Jina lako litatembea kila kijiwe. Watakuita muuaji."

"Wataniita jina gani ambalo sijajiita sasa hivi?"

Alinyanyuka. Inspekta alimnyooshea mkono, lakini mama hakuwa akielekea mlangoni. Alikuwa akimwendea mkwewe. Alipomfikia alianza kupiga magoti, taratibu, akishikilia chuma cha kitanda.

"Usipige magoti," mkewe Sindano alisema.

"Niache, mwanangu. Mimi nimekutolea ndugu."

"Nimesema usipige magoti." Alimshika mikono yote miwili, akamzuia. Walikaa hivyo, mmoja ameinama nusu, mwingine anamshikilia, na haikujulikana nani anamzuia nani asianguke. Machozi yalimtoka mkewe Sindano bila sauti yoyote, yakadondokea kitambaa cha mama.

"Alikupenda," alisema. "Alikuwa akija kwako kabla hajaja kwangu. Nitafanya nini mimi? Ningempata mtu mbaya, ningejua la kufanya."

Sindano alikuwa amefunika uso kwa mkono mmoja aliokuwa nao huru. Inspekta alisimama pembeni ya dirisha, akangoja. Kwenye korido kitoroli cha dawa kilipita kikilia magurudumu, kikaenda zake.

"Saa saba na nusu inakaribia," Katibu alisema kwa upole. "Mama, kama unakwenda, gari langu liko nje."

Mama alijaribu kuondoa mikono yake ili aende. Mkewe Sindano hakuiachia.

"Katibu, nisikilize," alisema. "Na wewe afande. Na wewe askari hapo mlangoni, simama usikie." Askari alisimama. "Kusamehe bado sijaweza, na sitamdanganya Mungu mbele yenu. Sijui kama nitaweza. Lakini naahidi, nanyi ni mashahidi wangu: leo nitasimama naye mbele ya kamati, nimemshika mkono huu wa kulia, na kesho nitasimama naye hivi hivi mbele ya mama yangu mzazi. Neno hili hatalisema akiwa peke yake."